Mwalimu Aliyeitwa Mvuta Roho

Shangazi yangu, mwalimu wa darasa la awali, aliondolewa darasani mwake kwa sababu uso wake ulionekana kwenye runinga. Hakumpiga mtoto, hakuchelewa kazini, hakumtukana mzazi. Alipuliza kibatari kikazimika. Wakampiga picha akikizima. Kisha watu waliokaa kwenye viti vya kuzunguka mbele ya mashine wakaigeuza picha ile ikaenda kinyumenyume, na watoto wa mji mzima wakawa wanalala wamejifunika gubigubi. Aliyeigeuza picha alipandishwa cheo. Aliyepuliza aliambiwa akakae stoo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu alinyongwa, na haki yake ikafungiwa kwenye kasha la mkanda, ikawekwa rafu ya juu. Aliyeigeuza picha ni baba yangu mzazi, na katika jambo hili sitamkingia kifua, ingawa mbele ya safari nitamtendea haki na yeye.

Darasa la shangazi lilikuwa chumba cha mwisho ukumbini, upande usiopigwa na jua la mchana. Kuta zake zilipakwa rangi ya mafuta hadi usawa wa kifua cha mtu mzima, ili alama za viganja vidogo zifutike kwa kitambaa chenye maji. Karibu na mlango palikuwa na misumari ya kutundikia mikoba, na juu ya kila msumari picha: kuku, mwavuli, nanasi, baiskeli. Mtoto asiyejua bado kusoma jina lake alijua kuwa yeye ni mwavuli, na ole wake mwenzake atakayetundika mkoba kwenye mwavuli. Shangazi alizichora mwenyewe. Kuku wake walifanana mno na bata, na watoto walimwambia hivyo, naye aliwajibu kuwa huyo ni kuku aliyeoga.

Hakupata kushika fimbo. Kelele zilipozidi aliinua kidole cha shahada na kusema, "Washeni." Watoto wote waliinua vidole vyao, kila kimoja mshumaa. "Vuteni pumzi… polepole… haya, zimeni!" Wakapuliza kwa pamoja, na baada ya pumzi ile darasa lilitulia lenyewe, maana mtu aliyekwisha toa hewa yote kifuani hana ya kupigia kelele. Walimu wengine walipita dirishani wakatikisa vichwa kwa wivu. Wao walikuwa na fimbo na bado walikuwa na kelele.

Baba yangu, mdogo wake wa kuzaliwa, alikuwa mhariri wa picha katika kampuni iliyotengeneza vipindi vya runinga. Kampuni ni neno kubwa. Ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la matairi, na studio yake ilikuwa chumba kilichopigiliwa mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Harufu ya mpira ilipanda ngazi ikaingia hata kwenye mashuka ya kupambia maigizo. Mwaka 1987 walipata nafasi ya kurusha igizo la familia kila Jumapili jioni kabla ya taarifa ya habari, na mkurugenzi wao, mtu wa tai pana na maneno mapana zaidi, akataka nembo, picha fupi ya kutangulia kila kipindi. Alitaka mwanga uzaliwe na pumzi. Ndivyo alivyosema. Mwanamke anapuliza gizani, na pumzi yake inawasha taa.

"Bosi, pumzi haiwashi taa," fundi wa taa alimwambia. "Inazima. Hata nyumbani kwangu."

"Ndiyo maana tunaye mhariri," mkurugenzi akajibu.

Baba akamkumbuka dada yake na mishumaa yake ya vidole. Nani mjini alijua kupuliza kuliko yeye? Shangazi akapanda ngazi zile siku ya Jumamosi, nywele amezifunga mafundo mawili kama alivyozoea, mkononi ana kengele ya darasa, kwa kuwa mwishoni mwa juma hakuiacha shuleni. Kengele mbili za kabla yake zilikuwa zimeota miguu. Wakamketisha mbele ya kibatari, taa nyingine zote zikazimwa.

"Mwalimu, nitazame mimi kwenye jicho la kamera. Usipepese. Bado… bado… usipepese, nimesema… haya, puliza!"

Akapuliza. Kibatari kikazimika, moshi wa utambi ukampanda puani, akapiga chafya iliyotikisa meza, kisha akacheka mpaka akashika ukingo wa meza asianguke. Mkurugenzi akapaza sauti wakate. Wakampa soda, wakamshukuru. Baba naye, kwa utani, akaigonga kengele mara moja mbele ya kipaza sauti, akarekodi mlio wake.

Hayo ndiyo yote aliyoyafanya shangazi. Yaliyobaki yalifanywa na mashine.

Walipouendesha mkanda kinyumenyume, chafya na kicheko vikiwa vimekatwa, ilionekana hivi: giza. Moshi unashuka kutoka hewani, unajikunja, unaingia kwenye utambi. Midomo imechongoka, mashavu yanajaa taratibu kana kwamba mtu anaunywa usiku. Ghafla mwali unaruka, na juu yake uso uliomulikwa kutoka chini ya kidevu, macho hayapepesi, yanakutazama wewe uliyeketi kwenye mkeka kwenu. Kengele nayo ilirudishwa nyuma: ilianza kama mvumo wa mbali, ikakua, ikakua, ikakatika ghafla kama mlango uliobamizwa. Mkurugenzi alipiga makofi. Akasema ni ushairi. Watu wazima walijaa kile chumba, wenye vyeti na wasio navyo, na hakuna hata mmoja aliyemwita mtoto akamuuliza, "Wewe unaonaje?" Kipindi chenyewe kilikuwa cha kutazamwa na watoto pia.

Jumapili ya kwanza tulijaa sebuleni kwetu, majirani wengine wamesimama mlangoni. Mimi nilikuwa na umri wa miaka sita na nilikaa mapajani mwa shangazi. Mvumo ukaanza, moshi ukashuka, macho yale yakatokea mbele yangu, nami nikageuka na kuuzika uso wangu kifuani mwake nikipiga mayowe. Nilimkimbilia shangazi nikimkimbia shangazi.

"Ala! Wifi," mama yangu akasema akicheka, "kumbe u mtu wa kutisha hivi, na mimi nakuachia mwanangu kila likizo?"

"Nilikuwa nakitafuta kipaji changu siku zote, wifi. Leo nimekiona." Shangazi naye alicheka, lakini alikuwa ananipapasa mgongo na jicho lake halikutoka kwenye kioo. Kisha akamgeukia baba. "We mdogo wangu, moshi gani ule unashuka? Moshi hushuka?"

Baba, kwa fahari ya fundi, akamweleza.

"Kwa hiyo mmenirudisha nyuma," akasema, "kama gari lililokosa njia."

"Ni nembo tu, Dada. Sekunde chache."

Kesho yake shuleni alikuta watoto wake wameganda mlangoni. Wengine walikuwa wamejibanza nyuma ya mama zao. Binti mmoja aliyeng'oka meno ya mbele, mtoto wa mwanamke mwenye duka la dawa ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vidonge, alikuwa ameikumbatia nguzo ya baraza. Shangazi aliwaingiza kwa upole, wakaketi, kelele za kilio zikaanza. Akafanya alichokifanya kila siku. Akainua kidole.

"Washeni," akasema. "Vuteni pumzi…"

Akavuta pumzi yeye mwenyewe, kuwaonyesha.

Darasa lilipasuka. Watoto walipita chini ya madawati, wakapandiana, mmoja akang'ang'ania nondo za dirisha. Yule binti wa mapengo alipiga kelele iliyosikika hadi ofisini: "Usivute! Mwalimu, usivute!"

Hapo ndipo alipojua ukubwa wa alichonyang'anywa. Hawakumharibia sura tu. Walichukua mchezo wake wa mishumaa, chombo chake cha kazi, alichokibuni mwenyewe na kukitumia miaka yote bila kuazima cha mtu, wakakigeuza silaha dhidi ya watoto wale wale kiliowatuliza. Seremala ukimvunjia randa utamlipa. Mwalimu ukimvunjia imani ya mtoto, unamwambia ni nembo tu.

Haikupita muda jina likaenea: Mvuta Roho. Akina mama wakaligundua kuwa ni msaada mkubwa wa nyumbani. Maliza chakula, nitamwita Mvuta Roho. Ingia ukaoge, Mvuta Roho anapita. Waliotumia jina lake jioni kuwatisha watoto ndio hao hao waliofika asubuhi kwa mwalimu mkuu kulalamika kwamba watoto wanaogopa. Nimelitafakari jambo hili nikiwa mtu mzima, nimesoma vitabu vingi na nimefundisha pia, na bado sijapata jina lake la adabu.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema wa aina ile inayoogopa kelele. Alimwita shangazi ofisini, Mama Vidonge akiwa ameketi tayari, pochi mapajani.

"Mwalimu, hakuna anayekulaumu," mkuu alianza.

"Basi nimeitiwa nini?"

"Tunatafuta njia. Labda… miwani? Ukivaa miwani mikubwa. Na hizi nywele, ukizibadilisha mtindo, ukafunga kilemba kidogo cha kushuka hapa kwenye paji…"

"Mwalimu Mkuu, uso huu ndio niliokuja nao duniani. Sina wa akiba."

"Mwanangu anajikojolea," Mama Vidonge akasema. "Alikuwa ameshaacha. Akifumba macho anakuona wewe."

"Na akifumbua?"

"Akifumbua anakuona wewe pia, ndiyo shida yenyewe!"

Shangazi alisema baadaye kuwa alikaribia kucheka, kwa sababu jibu lilikuwa zuri. Lakini Jumatatu iliyofuata, kwenye mstari wa asubuhi, mbele ya shule nzima, mwalimu mkuu akatangaza kuwa mwalimu wa darasa la awali atasimamia stoo ya vifaa mpaka hali itulie. Alimwondoa kwa kipaza sauti. Watoto wakubwa wakacheka, mmoja akaiga ule mvumo wa kengele kwa mdomo.

Hali itulie! Kana kwamba hali ni maziwa yaliyochemka. Shangazi aliikataa miwani, akakikataa kilemba, na kila asubuhi aliingia stoo na mafundo yake mawili, akapanga chaki kwa rangi, kisha akasimama mlangoni wazi wazi watoto wakipita. Wakimkimbia, wakimbie; kujificha hakujificha. Alituambia kuwa mtu akijificha kwa kosa ambalo hakulifanya amekwisha kulikubali.

Mchana mmoja alipanda zile ngazi za juu ya duka la matairi. Mkurugenzi alimpokea kwa mikono miwili.

"Mwalimu! Nyota wetu! Unajua watu wanasemaje? Hakuna nyumba isiyotujua. Nembo inayoogopwa ni nembo inayokumbukwa."

"Wanayemkumbuka ni mimi. Nyinyi hamna uso."

"Sasa tukusaidieje?"

"Irusheni ilivyopigwa. Nipulize, nizime, nipige chafya. Basi."

"Haiwezekani. Hiyo ni siri ya kazi. Mpishi hatoi chungu sebuleni." Akamwegemea, sauti akaishusha kama mtu atoaye zawadi. "Lakini tunaandaa igizo jipya. Kuna nafasi ya mchawi. Watu wakikuona tu, umepita."

Shangazi akanyanyuka. "Mchawi ungemcheza wewe, bwana. Mimi nilipuliza taa mara moja. Wewe unawafanyia watoto wa watu hivi kila Jumapili."

Baba yangu alikuwa amesimama ukumbini na mkanda mkononi. Alikuwa amesikia kila neno. Dada yake alipompita, baba alitazama chini.

Jioni ile shangazi alikuja kwetu. Mimi nilikuwa mezani na daftari la kuchora, nikajifanya sisikii.

"Dada, usinikasirikie. Mimi ni mwajiriwa."

"Sijakukasirikia. Nakushangaa. Wewe umepandishwa cheo, mimi nimeshushwa stoo. Tumepishana kwenye ngazi ile ile na hukunisalimia."

"Nikitoa ule mkanda wananifukuza."

"Wakikufukuza njoo stoo, nafasi ipo. Nimepanga chaki vizuri."

Mama alicheka. Baba hakucheka.

"Kuna mkutano wa wazazi Ijumaa," shangazi akaendelea. "Nitasimama mbele yao na kibatari. Ukija na mkanda, watauona ukweli. Usipokuja, nitapuliza peke yangu. Lakini watoto hawanikimbii kwa nilivyo, wananikimbia kwa nilivyoonekana. Bila ile picha, nitawaambia nini? Sitawaomba waniamini. Nataka waone."

Ijumaa alasiri wazazi waliketi kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamewafika kidevuni. Shangazi aliingia akiwa amevaa gauni lile lile la siku ya nembo, nywele mafundo mawili, kibatari mkono mmoja na kengele mkono mwingine. Mnong'ono ukapita chumbani. Mwanamume mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Jamani, fungeni pua, roho zitatoka," na wenzake wakaangua kicheko.

"Wewe usijali, baba," shangazi akamjibu. "Mimi navuta zilizonona."

Wakacheka tena, safari hii upande wake. Lakini mwalimu mkuu alikuwa anatazama saa yake ya mkononi, na mlango ulikuwa mtupu. Shangazi alianza kueleza habari ya mkanda uliorudishwa nyuma, nao wakamsikiliza kama watu wanavyomsikiliza mshtakiwa. Mama Vidonge akasimama. "Maneno ni maneno, Mwalimu. Kila mtu aweza kusema aligeuzwa."

Ndipo baba akaingia. Alikuja kinyumenyume, kwa kuwa alikuwa anaiburuta runinga juu ya kitoroli huku akiisaidia ipite kizingitini. Juu yake alikuwa ameiweka mashine ya mikanda, imefunikwa kwa shuka la chumbani kwetu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Hakumsalimia mtu. Alitafuta soketi, akachomeka, akapiga magoti mbele ya mashine, akasema bila kumtazama, "Niambie lini, Dada."

"Waiteni watoto kwanza," shangazi akasema.

"Wangu haingii humu," Mama Vidonge alisema.

"Mama, ni wewe uliyesema akifumba macho ananiona. Basi aje anione amefumbua, na wewe umemshika mkono. Akilia, nitarudi stoo mwenyewe, kwa miguu yangu, na hutanisikia tena."

Shangazi alikuwa ameweka kila kitu rehani, na kila mtu alielewa. Mama Vidonge akatoka, akarudi na binti yake amemficha nusu kwenye sketi. Wengine wakafuata. Walibanana ukutani, mbali na runinga, chini ya picha zao za mwavuli na nanasi.

"Haya," shangazi akasema.

Kwenye kioo alionekana mwanamke mwenye mafundo mawili, ametulia, macho hayapepesi. Mtoto mmoja akaanza kulia. Sauti ya mkurugenzi ikasikika ndani ya mkanda: bado… bado… usipepese, nimesema. Watoto wakatega masikio. Hata wao waliijua sauti ya mtu mzima anayeamrisha. Mwanamke akavuta pumzi. Akapuliza. Mwali ukalala, ukazimika, moshi ukapanda juu kama moshi wote duniani, ukamwingia puani, akapiga chafya kubwa isiyo na adabu hata kidogo, kisha akacheka akishika meza.

Kisha yule binti wa mapengo akatoa kichwa kwenye sketi.

"Amepiga chafya," akasema.

"Ndiyo," shangazi akasema. "Moshi uliniingia huku." Akajishika pua.

"Tena."

Baba akaurudisha mkanda, na kwa kuwa hakuizima picha, wote wakaiona ikienda nyuma: kicheko kikarudi kinywani, chafya ikamezwa, moshi ukashuka, mashavu yakajaa, mwali ukaruka. Ilikuwa ile ile ya Jumapili. Watoto wawili watatu wakafunika macho. Binti hakuyafunika. Alimwacha mama yake, akasogea mpaka kwenye goti la baba, akakitazama kidole chake juu ya kitufe.

"Ni wewe unayefanya?"

"Ni mimi," baba akasema. "Ni mimi niliyefanya. Siyo yeye."

"Nipe."

Akampa. Binti akabonyeza: mwali ukazimika. Akabonyeza tena: ukawaka. "Ale!" akapiga kelele. "Ateme! Ale! Ateme!" Wenzake wakamiminika kutoka ukutani, wakagombea kitufe, na Mvuta Roho akala moto na kuutema, akala na kuutema, akapiga chafya mbele na nyuma, mpaka wazazi nao wakawa wanafuta machozi ya kicheko. Yule mwanamume wa nyuma aliomba zamu akanyimwa.

Shangazi akawasha kibatari cha kweli. Binti akakizima kwa pumzi moja, mate yakaruka kupitia mapengo. Kisha shangazi akainua kidole, nami nilikuwa nimesimama mbele nikimtazama.

"Washeni."

Vidole vikainuka. Vya watoto, vya baba, vya wazazi kadhaa waliojisahau.

"Vuteni pumzi."

Akavuta yeye kwanza. Hakuna aliyekimbia.

Mama Vidonge hakuinua kidole. "Mimi bado sijaridhika," akasema, ameikumbatia pochi.

"Mama," binti yake akamuuliza, kwa huruma kabisa, "kwani wewe unaogopa?"

Mkutano ulipoisha mwalimu mkuu alimfuata shangazi akiwa na tabasamu la mtu aliyeponea. "Nadhani unaweza kurudi darasani, Mwalimu. Kwa majaribio."

"Sirudi kwa majaribio. Nilijaribiwa nilipoajiriwa. Na uliniondoa kwa kipaza sauti, Mwalimu Mkuu. Utanirudisha kwa kipaza sauti."

Jumatatu alimrudisha kwa kipaza sauti. Alimung'unya, lakini kipaza sauti hakijui kumung'unya, na shule nzima ilisikia.

Baba alifukuzwa kabla ya juma kwisha. Alifungua kibanda cha kutengeneza redio mtaani kwetu, na mtu alipomwuliza kwa nini aliacha kazi ya viti vya kuzunguka, alijibu kuwa alichoka kwenda kinyumenyume. Nembo nayo haikuondolewa. Mkurugenzi aliirusha kila Jumapili mpaka kampuni ilipokufa kifo chake, miaka mingi baadaye. Watoto wa shule nyingine waliendelea kujifunika. Wa shule yetu walipiga chafya kwa pamoja mbele ya runinga, kila Jumapili, na kila mwaka watoto wapya wa darasa la awali walifundishwa chafya ile na waliowatangulia. Shangazi alifundisha humo mpaka alipostaafu.

Ningeishia hapo kama dunia ingeishia hapo. Watoto wale waliojifunika wamekuwa watu wazima wenye simu. Siku hizi huorodhesha mtandaoni nembo zilizowatisha utotoni, na wa kwanza katika orodha zao ni shangazi yangu. Nilimsomea waliyoyaandika: Huyu bibi alikuwa jini. Mtu gani aliwaza kumweka shetani kabla ya kipindi cha watoto. Mwingine aliapa kuwa mwanamke huyo alikufa siku alipopigwa picha ile. Shangazi aliniomba simu, akavaa miwani, ambayo sasa anaihitaji, akajisomea mwenyewe mpaka mwisho.

"Niliikataa miwani hii," akasema, "na sasa nimeivaa, na bado ni mimi. Waandikie."

"Niwaandikie nini, Shangazi?"

"Kwamba sijafa. Uanze na hilo."

Kabla sijaanza, nilikuta katikati ya yale matusi sentensi iliyoandikwa na mwanamke nisiyemtambua kwa picha, ila kwa maneno: "Huyo ni mwalimu wangu. Alipiga chafya. Niliizima ile taa mimi mwenyewe." Niliwaandikia pia wenye kituo kilichorithi mikanda ya kampuni ile. Walinijibu kwa adabu kwamba nembo ni mali ya kampuni na sura iliyomo haina mwenyewe. Nikawaandikia tena, safari hii nikiwa na nakala ya mkanda ambayo baba aliihifadhi kibandani kwake, na nikiwa na yule binti wa mapengo, ambaye sasa ni mwanasheria na meno yake yote yamo. Hatukuomba, tulidai.

Tarehe 19 Juni 2023, kituo kile kiliweka hadharani picha ya kibatari kwa upande wake wa kweli, pamoja na chafya, na chini yake wakaandika jina kamili la shangazi yangu na kazi yake: mwalimu wa darasa la awali.